Yubile ni Mwaka wa Kurudisha

Hotuba ya mzee wa kwaya, mwimbaji wa besi, katika ibada ya shukrani ya miaka 50



Mchungaji wetu, viongozi wa mzunguko, wazee wa kanisa, akina mama wa Ushirika, vijana, watoto wa Shule ya Jumapili, na ninyi wageni wetu mliovuka mto Thuci alfajiri kutoka Embu ili kuimba pamoja nasi hapa Meru: nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu. Kamati imenipa dakika 20. Mtu wa besi amezoea kungoja zamu yake, na mimi nimengoja miaka mingi, kwa hiyo sitaichezea.

Nimeombwa niseme juu ya kuishi imani yetu kila siku, kwa makusudi na kwa nidhamu. Nikajiuliza, jambo hili linahusianaje na yubile ya kwaya? Nikafungua Walawi sura ya 25, ambako neno yubile linatoka. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi mwaka huu. Nilitafuta keki, nikatafuta pilau, nikatafuta tisheti zilizoandikwa kifuani. Sikuziona. Nilichokiona ni hiki. Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, kisha mwaka wa 50 wautakase. Tarumbeta ilipaswa kupigwa nchi nzima. Nayo ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ya watu kujinyenyekeza mbele za Mungu kwa ajili ya dhambi zao. Na tarumbeta ikishalia, vitu vilirudi. Shamba lililouzwa kwa sababu ya dhiki lilirudi kwa ukoo wake. Mtu aliyejiuza awe mtumishi kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa yake.

Wapendwa, kwa hiyo yubile ina sehemu mbili. Kwanza muziki, halafu kurudisha. Sisi muziki tumeupiga tangu asubuhi, na umepigwa vizuri. Nimesimama hapa kwa ajili ya ile sehemu ya pili.

Nitaanza na yangu mwenyewe, maana si vizuri kuwaomba watu wafungue mifuko yao huku wangu umeshonwa.

Wengi wenu mliojiunga na kwaya miaka ya karibuni hamjui kwamba niliwahi kuwa mweka hazina. Wazee wenzangu wanajua, na wamenihifadhi kwa kunyamaza, lakini leo nimewaomba ruhusa niseme. Mwaka huo tulikuwa tunachanga pesa za sare. Kila mwimbaji alikuwa akileta shilingi 50, mwingine 20, na mimi naziandika daftarini na kuziweka katika kopo la kakao chini ya kitanda. Ikafika Januari. Malipo ya kahawa yalikuwa yamechelewa, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa ameitwa kidato cha kwanza. Nikafungua kopo. Nilijiambia kwamba nakopa kwa wiki mbili tu. Nilichukua shilingi 3,400. Wakati ule zilitosha kushona sare za waimbaji kumi.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitano. Na katika miezi hiyo mitano sikukosa mazoezi hata mara moja. Niliimba kila Jumapili. Tena sitawaficha jambo ambalo mpaka leo linanitia hofu kuliko wizi wenyewe: kuimba kwangu hakukuharibika. Sauti ilikuwa ileile. Tulipoimba juu ya damu ya msalaba nilitokwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Hakuna aliyesikia kasoro kwenye besi. Ningekuwa nimeteleza nusu ya noti, mwalimu wa kwaya angenisimamisha pale pale. Lakini shilingi 3,400 hazina noti.

Ndipo nikajifunza kwamba mtu anaweza kuguswa sana na wimbo na bado asiwe ametii neno lolote lililomo ndani yake. Nabii Amosi aliwaambia hivyo watu wa wakati wake, katika sura ya 5. Walikuwa na nyimbo na vinanda, na Mungu akasema hataki kuzisikia kelele hizo, anataka haki itiririke kama mto. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya tunajua mto ulivyo. Mto hautiririki Jumapili peke yake. Nithi na Kathita hazisubiri sikukuu.

Nilitokaje hapo? Sikutoka kwa nguvu zangu. Nilikuwa katika darasa, yale madarasa ya kanisa letu, watu wachache wanaokutana nyumbani kwa mtu kila wiki. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mwenye umri mkubwa, na kila wiki alimwuliza kila mtu swali lile lile: habari ya roho yako? Nami nilijibu jibu lile lile: namshukuru Mungu, ni salama. Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, tukakaa jikoni kwake tukizunguka moto. Akaniuliza, nikajibu kama kawaida, akaenda kwa mwingine. Huyo mwingine alikuwa mjane kijana, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Akainamisha kichwa akasema, “Roho yangu haina amani. Kuku wangu wamekufa kwa ugonjwa, sina mayai ya kuuza, na sijaleta pesa ya sare wiki tatu. Naomba kwaya inivumilie.”

Alikuwa anamwomba msamaha nani? Alikuwa ananiomba mimi. Miezi mitano nzima nilikuwa nimekula mayai yake, na yeye ndiye aliyekuwa anaona haya.

Sikuweza kusema mbele ya watu usiku ule. Walipoondoka nilibaki nikijifanya nangoja mvua ipungue. Nikamwambia yule mama kila kitu. Nilitazamia alie, au aanze kuniombea. Hakufanya hivyo kwanza. Alivuta taa karibu, akachukua kalamu, akaniuliza, “Ni ngapi? Na utalipa lini?” Tukaandika: shilingi 200 kila Ijumaa kutoka kwenye pesa za maziwa, kwa wiki 17. Akasema, “Na Jumamosi utawaambia kwaya mwenyewe.” Maombi yalikuja baada ya hapo, na yalikuwa marefu.

Niliwaambia. Baadhi walinisamehe siku ile ile. Mmoja aliacha kuja mazoezini kwa muda wa mwezi mzima kwa sababu yangu, na alikuwa na haki. Niliondolewa uweka hazina, nikaachwa niimbe. Ijumaa 17 zikapita. Na tangu hapo, kama mnavyoona, sadaka ya kwaya huhesabiwa na watu watatu kabla mtu yeyote hajatoka mlangoni, na daftari husomwa mbele ya wote Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Vijana wengine huniuliza, mbona hatuaminiani? Nawaambia, tunapendana, na kwa sababu tunapendana hatutaki kumwacha mtu peke yake na kopo.

Sasa nataka mwone kwamba yule mama hakubuni njia yake mwenyewe. Alikuwa ameirithi.

Jina letu Wamethodisti lilianza kama dhihaka. Mwaka wa 1729 huko Oxford, Uingereza, kulikuwa na vijana wachache wa chuo, John Wesley na ndugu yake Charles wakiwa miongoni mwao, waliokubaliana kuishi kwa utaratibu. Walisoma Maandiko pamoja, walifunga Jumatano na Ijumaa, walishiriki Meza ya Bwana kila wiki, walitembelea wafungwa gerezani. Wenzao waliwacheka kwa kupanga kila kitu kwa methodi, na jina likashika.

Na madarasa je? Hapo sikilizeni vizuri, ninyi mlio katika kamati ya ujenzi. Madarasa yalianza kwa sababu ya deni. Mwaka wa 1742 Wamethodisti wa Bristol walikuwa wanadaiwa pesa za jengo lao la ibada. Mtu mmoja akashauri kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema, wengine ni maskini mno. Yule wa kwanza akajibu, nipeni kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila wiki, na asiye na kitu nitamlipia. Wakagawana watu hivyo, kumi na wawili kumi na wawili. Lakini viongozi walipokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya peni, walianza kuona mambo. Huyu anampiga mkewe. Yule amerudia ulevi. Yule mwingine mgonjwa na hana anayejua. Wesley akatambua kwamba alichokuwa amekitafuta muda mrefu kilikuwa kimeletwa na lile deni. Tangu wakati huo kiongozi wa darasa aliulizia roho pamoja na peni.

Njia hiyo ilivuka bahari. Wamethodisti walifika Ribe, kule pwani yetu, mwaka wa 1862. Kutoka pwani wakaja huku Meru mwaka wa 1912, wakaanza kazi Kaaga. Jikoni kwa yule mama, usiku ule wa mvua, ilikuwa ni Bristol imefika mlimani.

Ninyi ndugu zetu Waanglikana wa Embu nanyi mna urithi wenu. Misheni yenu ya Kigari ilianza mwaka wa 1910, miaka miwili kabla ya Kaaga, na sitabishana na hilo. Halafu ukaja Uamsho. Ulianzia Rwanda, Gahini, katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya mwaka wa 1937, na ukapita katika makanisa ya pande zote za mlima. Ndugu wa Uamsho walisema juu ya kutembea katika nuru. Na nuru yao haikuwa maneno tu. Mtu aliyeokoka alirudi kwa tajiri wake na kile alichoiba. Waliungama kwa jina la dhambi yenyewe, wala hawakuifunika kwa neno la jumla. Na wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kiapo na wakakataa pia kubeba bunduki, na wako waliouawa kwa hilo. Ujasiri wa namna hiyo hauokotwi siku ya hatari. Walikuwa wameufanyia mazoezi kwa miaka, kwa kusema ukweli juu ya vitu vidogo mbele ya ndugu zao.

Mazoezi! Hilo ni neno letu waimbaji. Hakuna anayelielewa kuliko sisi.

Wimbo haufundishwi Jumapili. Jumapili ni siku ya kuutoa. Tunaufundisha Jumanne na Jumamosi, kwa solfa ubaoni, mstari mmoja mara ishirini, sauti ya pili peke yao, tena peke yao, mpaka mtu wa besi anasinzia. Tunarudia pale pagumu kuliko pale patamu. Je, tukishatoka mazoezini, mbona tunadhani subira itakuja yenyewe bila kurudiwa? Mbona tunadhani ulimi utajizuia siku ya ugomvi wa shamba kama haukuzoezwa siku ya ugomvi wa chumvi?

Wesley aliwaachia waimbaji maagizo saba, yaliyochapishwa mwaka wa 1761. Nitayasema kwa maneno yangu, nanyi mpime kama ni ya nyimbo peke yake.

Alitaka watu wajifunze kwanza nyimbo zilizo za msingi kabla ya kukimbilia nyingine. Nasi tujifunze kwanza yale ya msingi. Ukweli, kiasi, kulipa deni. Alitaka waimbe kama ilivyoandikwa, bila kujitungia. Katika maisha tunapenda sana kujitungia: wizi unaitwa kukopa, kusengenya kunaitwa ombi la maombi. Alitaka waimbe wote, hata anayejisikia mchovu. Alitaka waimbe kwa nguvu, si kama watu waliolala. Lakini pia kwa unyenyekevu, mtu asipige kelele hadi akafunika wengine. Hapa tena mnanitazama, lakini ujumbe ni kwa soprano pia! Alitaka waende na wakati, wasitangulie wala wasibaki nyuma. Na juu ya yote, kila neno waimbe wakimwelekea Mungu, wampendeze yeye kuliko masikio yao wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonihukumu mimi. Miezi mitano niliyapendeza masikio yangu.

Basi kesho ni Jumatatu. Tufanye nini?

Wengi wetu ni watu wa chai. Mnajua kazi ile: majani mawili na chipukizi, na kurudi kwenye kichaka kile kile kila baada ya siku chache. Ukiruka mzunguko mmoja, jani linakomaa, linakuwa gumu, na karani wa kituo analikataa. Hutaki kulaumu kichaka. Kichaka kilikuwa kinakua tu. Moyo ni hivyo hivyo. Ukiruka maombi wiki moja hauoni kitu. Unakua tu. Siku unapouhitaji uwe laini kumsamehe ndugu yako, unakuta umekomaa. Danieli, tunaambiwa katika sura ya 6, alifungua madirisha yake akaomba mara tatu kwa siku, na sheria ya kumtupa kwa simba ilipotoka alifanya kama alivyokuwa amefanya siku zote. Hakuanza siku ile. Kwa hiyo, ndugu yangu, chagua saa. Usiseme nitaomba nikipata nafasi. Nafasi haipatikani, hutengwa. Kwa mwingine ni kabla ya kukamua, saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwingine ni ndani ya matatu ya Nkubu kabla simu haijawashwa. Iwe fupi, lakini iwe na saa.

Wengine ni watu wa maziwa. Kila asubuhi pale kwenye kituo kuna laktomita. Inatumbukizwa, na kama maziwa yametiwa maji inazama zaidi, na hakuna cheo cha kanisa kinachoweza kuielea. Nafikiri ni rehema kubwa kwamba maziwa yana laktomita. Lakini mambo mengi hayana. Mizani ya dukani kwako, saa ulizomwandikia kibarua, maneno uliyomwambia baba mkwe juu ya mahari: hayo hayana kifaa isipokuwa dhamiri yako. Na dhamiri isiyoulizwa huzoea. Kwa hiyo baada ya saa, pata mtu. Mtu mmoja ambaye ana ruhusa yako ya kukuuliza, naye asiwe anayekuogopa. Kama darasa lako limekufa, lifufue. Kama hulipendi swali la kila wiki, jua kwamba ndilo lililoniokoa na gereza la kopo la kakao.

Vijana wangu, kopo la siku hizi liko mfukoni mwenu. Mimi nililazimika kuinama chini ya kitanda na kuhofia mlango. Ninyi mnakopa kwa kidole, usiku, bila mtu kujua, mkalipe deni la jana kwa deni la leo, na katikati kuna kamari ya mpira inayoahidi kurudisha yote. Sisemi haya kuwashutumu. Nasema kwa sababu naijua ile hesabu ya wiki mbili tu. Wako humu ndani vijana wanaoimba vizuri mno, na simu zao zimejaa ujumbe wa kudaiwa. Kama ni wewe, usisubiri uwe mtakatifu ndipo useme. Njoo useme ni ngapi. Tutatafuta kalamu.

Nanyi wazazi wenzangu, nidhamu isiwe fimbo ya watoto peke yao. Mtoto anayeona baba akiomba radhi kwa mama, mezani, kwa jambo lililotajwa jina, amehubiriwa. Mtoto anayesikia baba akiimba besi kanisani na kutukana njiani kurudi, naye amehubiriwa.

Kabla sijamaliza niseme neno moja la kuzuia kosa. Mtu asiondoke hapa akidhani kwamba tukiweka saa, na darasa, na daftari, tumenunua wokovu. Wesley huyo huyo aliyefunga na kutembelea wafungwa alipita miaka mingi bila amani. Mpaka jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa barabara ya Aldersgate, London, ndipo moyo wake ulipata joto na akajua kwamba Kristo amemsamehe yeye. Neema ilikuja kama zawadi. Lakini tazameni alichofanya baadaye: hakuutupa utaratibu wake. Aliendelea kuamka mapema kwa zaidi ya miaka 50. Kwanza alikuwa anautumia utaratibu kumtafuta Mungu kama mtu anayelipa deni. Baadaye aliutumia kama mtu anayetunza zawadi. Zile Ijumaa 17 nami nilizilipa nikiwa tayari nimesamehewa. Sikulipa ili nisamehewe. Zakayo, katika Luka 19, hakumrudishia mtu hata senti moja kabla Yesu hajamwita kwa jina na kusema atashinda nyumbani kwake. Furaha ilitangulia, na pesa zikafuata mbio.

Basi wapendwa, tarumbeta imelia. Ombi langu kwa kwaya yetu, na kwa kwaya ya wageni wetu, ni dogo. Kati ya leo na mazoezi ya Jumamosi ijayo, kila mwimbaji arudishe kitu kimoja. Inaweza kuwa pesa. Inaweza kuwa panga uliloazima msimu wa mahindi uliopita. Inaweza kuwa jina la mtu ulilolichafua, ukarudi pale pale ulipolichafulia ukalisafisha. Inaweza kuwa salamu uliyomnyima mwenzako wa safu ya nyuma tangu uchaguzi wa viongozi wa kwaya. Nanyi mnajua nasema juu ya nani, na wao wanajua. Kimoja tu. Usije kuniambia mimi. Kirudishe kwa mwenyewe.

Yule mama wa darasa amekwisha kulala katika Bwana. Mjane kijana yupo. Ni nyanya sasa, bado anaimba sauti ya kwanza, na amekaa safu ya pili. Miaka mingi iliyopita nilimrudishia pesa zake, lakini sikuwahi kumrudishia ule unyenyekevu wake wa usiku ule, akiomba radhi kwa mtu aliyekuwa amemkosea. Kwa hiyo leo, mbele ya kanisa, nalipa kilichobaki. Mama, nisamehe. Na asante.

Jumamosi tukutane kwa mazoezi, saa nane kamili. Tuje na madaftari, na tuje tukiwa wepesi kidogo kuliko leo. Nina hakika hata mwalimu wa kwaya ataisikia tofauti.

Mungu aibariki kwaya yetu, awabariki wageni wetu barabarani wanaporudi, na aitie nguvu kila saa tutakayoitenga kwa ajili yake. Bwana Yesu asifiwe.